Nchi Iliyotoa Pole Mapema

Tone la maji lilidondoka ndani ya sinia. Kukawa kimya. Likadondoka jingine.

Batuli alikuwa amekwisha kaa kitako kabla hajajua kwamba ameamka. Giza la alfajiri lilikuwa bado zito, na mkono wake ulikuwa ukipapasa kitanda kumtafuta mtoto. Ukaukuta mguu wa Raya, una joto la usingizi, umejaa mchanga wa jana. Hapo ndipo alipopumua. Tangu mafuriko ya kwao Bondeni, miaka miwili iliyopita, sauti ya maji ndani ya nyumba ilimwamsha kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Ni paa, mwanangu," ilisema sauti ya Bi Zawena, mwenye nyumba, kutoka upande wa pili wa pazia. "Lala. Linavuja tangu mwaka juzi."

"Mbona halizibwi, bibi?"

"Litazibwa." Kitanda cha mzee kililia alipojigeuza. "Likishaanguka."

Batuli alidhani bibi anamtania. Zilipita siku kadhaa ndipo akaelewa kwamba hiyo ilikuwa sheria, tena ya kwanza katika kitabu cha Visiwa vya Maliwazo: kisichoanguka hakitengenezwi. Watu walimweleza sababu yake bila kuona haya. Zamani walikuwa na kiongozi aliyejenga ukuta wa mawe upande wa bahari. Maji yakaja, yakaupiga ukuta, yakarudi. Asubuhi wananchi wakatoka majumbani wakatazama huku na huku, hawakuona kitu chochote. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepotea. Wakamuuliza kiongozi: haya mawe yote uliyapoteza kwa kazi gani? Wakamwondoa. Aliyemfuata aliubomoa ukuta, maji yakaja yakachukua mtaa mzima, naye akatembea nyumba kwa nyumba akilia pamoja na wafiwa, machozi ya kweli, mpaka macho yakavimba. Yeye hadi leo ana sanamu.

Jinsi Batuli alivyofika huko si jambo la kusimulia. Wanaoitaka njia hiyo huipata. Alichokwenda kukitafuta ndicho cha kusema.

Usiku wa mafuriko ya Bondeni, mumewe Makame alikuwa amekwisha mtoa yeye na mtoto mpaka barabarani, halafu akarudi ndani kuchukua godoro la Raya, kwa kuwa mtoto alikuwa na kikohozi na hakutaka alale chini. Godoro lilipatikana siku ya tatu, limenasa kwenye ua wa shule. Makame hakupatikana. Na kwa kuwa hapakuwa na mwili, hapakuwa na mazishi. Na kwa kuwa hapakuwa na mazishi, watu walipita wakamwambia "jikaze," halafu wakaenda kutafuta mabati yao. Hakuwalaumu. Lakini lile "jikaze" lilimkaa kooni miaka miwili kama mwiba wa samaki. Aliposikia kwamba iko nchi ambayo watu wake wanajua kutoa pole kuliko watu wote duniani, alimbeba mtoto akaenda.

Nao walijua kweli. Siku aliyofika hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Walimuuliza, "Umefiwa na nani?" Aliposema Makame, mwanamke mmoja mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito, alimsogelea akamshika mikono yote miwili. Huyo ndiye Bi Zawena, mwombolezaji mkuu wa kisiwa. Hakusema jikaze. Alisema, "Hebu niambie, alikuwa akichekaje?"

Batuli akamwambia. Alikuwa akicheka kwa pua kwanza, kama anayejizuia, halafu ndipo mdomo unafunguka. Tangu Makame aondoke, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. Jioni yake mtaa mzima ulikuja na viti, na Bi Zawena akaimba maombolezo ya Makame, na ndani yake mlikuwa na kicheko kile cha pua, na godoro, na kikohozi cha mtoto. Wanaume wasiomjua walijifuta macho. Batuli alilia mpaka akahisi mwili umekuwa mwepesi. Alipokuwa akimlaza Raya alijisemea, nitabaki hapa. Huku angalau yuko mtu aliyemjua.

Basi akabaki, katika nyumba ya Bi Zawena, akamsaidia kupika na kuchota maji, na akaanza kuiona nchi.

Jengo kubwa kuliko yote lilikuwa la Wizara ya Maliwazo. Karani mmoja mwanamke, mchangamfu, alimtembeza ghalani: mahema yaliyokunjwa vizuri, masufuria ya kupikia watu mia mia, viti elfu nne. Viti vyote vilichongwa kwa miti ya mikoko, na karani alieleza kwa fahari kwamba pwani yote, iliyokuwa msitu usiopitika, sasa ni wazi na inapendeza, na mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha msiba anaweza kuiona bahari bila kuzuiwa na kitu. Kulikuwa na chumba cha hotuba, ambazo zimekwisha andikwa na kubakizwa nafasi ya kujaza idadi. Kulikuwa na mablanketi yaliyoletwa na wageni wa ng'ambo baada ya kila maafa. Nchi ilikuwa na mablanketi kuliko vitanda. Mara moja tu, alisema karani, mgeni mmoja mwenye haraka zake alileta saruji kabla ya maji. Hawakujua ipokewe na idara gani. Waliiacha bandarini wakiandikiana barua, ikaganda, na sasa watu wanaikalia wakisubiri mashua.

"Si haba," alisema karani. "Ni mabenchi mazuri."

Lakini desturi iliyomshangaza Batuli kuliko zote ni ile ya asubuhi. Kila kukicha, kabla ya chai, majirani walipita mlango kwa mlango wakipeana pole ya mapema.

"Pole kwa yatakayokufika."

"Nimeshapoa. Nawe pole."

Mwanzoni aliiona ni adabu kubwa. Raya, mwenye miaka mitano, hakuiona hivyo. Siku moja jirani alimwinamia, akamshika shavu, akamwambia, "Pole, mama mdogo," na mtoto akayatazama magoti yake mwenyewe, kwanza moja, kisha la pili.

"Mbona ananipa pole? Mimi sijaanguka."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Batuli naye alicheka, lakini akamvuta mtoto karibu yake.

Katika wiki ya pili alishuhudia mazishi. Mzee mmoja alikufa kifo chake cha kawaida, akabebwa kupelekwa kilimani. Mara sauti ya mwombolezaji iliposikika njiani, mji uliinuka. Ilikuwa haramu kubaki umekaa. Mwenye kukaanga aliepua, mwenye kufua aliacha povu, kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu, na mteja naye akafuata na nusu yake ya ndevu, uso umejaa huzuni. Wote walifuatana mpaka juu, hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa. Kuuliza wangeuliza baadaye. Kwanza miguu.

Kilima hicho kilikuwa kimoja tu. Visiwa vile vilikuwa bapa kama chapati, isipokuwa hapo. Kiliitwa Kilima cha Majina, na kilikuwa cha marehemu peke yao. Kilizungushiwa ukuta imara, wa mawe yale yale yaliyokuwa ya bahari, na lango lenye bawabu. Kila aliyechukuliwa na maji alikuwa na jiwe huko, hata kama hakupatikana. Walio hai waliruhusiwa kuingia na jeneza lenye cheti cha kifo, au siku moja katika mwezi, na kabla jua halijainama lazima washuke. Kulala huko mtu aliye hai kulikuwa ni kuwakosea adabu wafu.

Bi Zawena alikuwa na mawe matatu huko. Vijana wake wote watatu, katika maji ya miaka mitatu mbalimbali.

"Wale wanalala pakavu," alisema siku moja, wamekaa uani wakichambua mchele, macho yake yako juu kilimani. "Mimi niko huku chini na paa langu. Unajua, mwanangu, nikipanda siku yangu ile, nikikaa kidogo tu, nasikia kama nimeshawasogelea, nataka kuanza kuwaambia habari za nyumbani. Basi bawabu anapiga kengele. Shukeni, shukeni." Akapeta mchele mara mbili. "Siku nikifa nitapanda nisishuke."

"Na ukipanda kabla hujafa?"

Bi Zawena alimcheka. "Kwa cheti gani, binti?"

Batuli aliacha kuchambua mchele. Alikuwa akikitazama kile kilima na kuona kitu ambacho wenyeji, kwa kukizoea, hawakukiona. Kule juu palikuwa na nafasi ya mji mzima.

Siku chache baadaye Bi Zawena alimwambia ana zawadi yake. Ilikuwa alasiri. Majirani walikuwa wamekwisha fika na viti vyao, na karani wa Wizara pia, amevaa nguo nzuri. Bi Zawena alisimama, akafumba macho, akaanza.

Alikuwa na macho ya tai yule mzee, hakuna kilichompita. Aliimba juu ya msichana aliyekuwa akilala mdomo wazi. Aliimba jinsi alivyokuwa akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, sita, akaiacha tano kila mara, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Aliimba mguu wake wenye mchanga, uliokuwa ukimpiga mama yake ubavuni usingizini. Wanawake waliinamisha vichwa. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko wa Makame, na Batuli, kwa dakika nzima, alikuwa amekwisha anza kulia pamoja nao, kabla masikio yake hayajamfikishia alichokuwa akililia.

Alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Raya alikuwa chini ya mti wa mpera akichezea vifuu. Alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

"Mwanangu yuko hai!"

Bi Zawena alifumbua macho. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa na upole ule ule uliompokea Batuli ufukweni.

"Ndiyo maana tumewahi, mama," alisema. "Wengine tuliwachelewa. Hatukujua hata walivyokuwa wakicheka."

Kesho yake Batuli alikwenda kwenye Baraza la Maliwazo akaomba kusema. Walimkubalia mara moja, kwa kuwa mfiwa hanyimwi nafasi ya kusema katika nchi ile. Wajumbe tisa walikaa nusu duara, na katikati yao Bwana Mshamu, Mratibu Mkuu, mtu mwenye leso mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.

Batuli alisema kwa ufupi. Msimu wa maji unakaribia. Lango la kilima liachwe wazi. Maji yakipanda, watu wapande; yakiondoka, washuke. Kila mtaa uchague mtu wa kuwaita wengine, na wazee wabebwe kwanza.

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja, mtu wa makamo, aliuliza kama wafu wameshirikishwa. Mwingine akauliza: viti elfu nne vitafanya kazi gani? Wa tatu alitaka kujua kama pole zilizokwisha tolewa asubuhi zitarudishwa, na kwa utaratibu gani.

Bwana Mshamu aliinua mkono. "Bi mgeni, tusikilizane. Tuseme umewapandisha watu mia sita. Maji yakaja, yakaondoka. Wakashuka wote mia sita, wazima. Utatuonyesha nini?"

"Nitawaonyesha watu mia sita."

Baraza lilicheka, si kwa ubaya.

"Hao tunao sasa hivi," alisema Bwana Mshamu. "Wanapita hapo nje."

"Basi nawaomba hao hao."

"Mama, nakuelewa. Lakini nitaandika nini katika taarifa? Kwamba hakikutokea kitu? Taarifa ya kurasa ngapi hiyo?" Akajifuta jicho kwa leso ya kazi. "Nani atakuja kutusaidia kwa jambo ambalo halikutupata?"

Batuli alitaka kujibu, lakini aliona kwamba mtu huyu alikuwa akilia kweli. Hapo ndipo alipoogopa. Alikuwa amejiandaa kupambana na wasiojali. Hakujua utapambana vipi na watu wanaokuhurumia.

Baraza lilipitisha maazimio mawili. Mgeni apewe pole maalumu, na kamati iundwe kwenda kukiangalia kilima, mara tu baada ya maafa yajayo.

Yalikuja mapema kuliko walivyokisia. Upepo ulivuma siku tatu mfululizo kutoka upande mmoja, mashua zote zikavutwa juu, hakuna wa kuondoka wala wa kuingia. Siku ya nne bahari ilijaa asubuhi kama kawaida yake, na saa ya kupwa ilipofika haikupwa. Ilikaa pale pale, imetuna, rangi ya chai ya maziwa. Saa sita mchana maji yalikuwa yakipita kwenye mtaro wa mbele ya nyumba, yakienda kinyume, kutoka baharini kuja mjini.

Batuli alitoka mlangoni akatazama mtaa. Wenyeji walikuwa wamevaa nguo zao safi. Kila mlango ulikuwa na viti, na kwenye viti walikuwa wamekaa wenye nyumba, familia nzima, mikono mapajani, wakiyatazama maji yakija. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya siku hiyo. Wachache walipeana mikono. Mtoto mmoja alikuwa akilia, na mama yake akimbembeleza kwa maombolezo ya mtoto mwenyewe, ya mapema.

"Bibi, twende kilimani."

Bi Zawena alikuwa amekaa kwenye kiti chake. "Lango limefungwa, mwanangu. Bawabu Ngwali hafungui bila mazishi."

"Basi yawe mazishi."

Mzee aligeuka. Batuli alikuwa amemviringisha Raya katika kanga nyeupe aliyokuwa ameianua kambani asubuhi ile, kuanzia miguuni mpaka kichwani, akambeba mikononi kama wabebwavyo watoto siku ile wasiyorudi nyumbani. "Usitikisike, mama," alimnong'oneza. "Tunacheza. Ukitikisika tumeshindwa."

"Batuli." Bi Zawena alisimama. "Unajua unaniomba nini? Sijawahi kulia uongo. Mwombolezaji akilia uongo, hata wale aliowalia kweli, nani atawaamini? Wanangu je? Nikisimama tena mbele ya mawe yao, watajua wimbo wao ulikuwa wa kweli?"

Maji yalipita juu ya kizingiti, yakamlowesha vidole vya miguu.

"Sijui, bibi," alisema Batuli. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Mimi najua tu kwamba usiku ule wa Makame, kama angekuwako mtu mmoja wa kumwambia acha godoro. Mmoja tu. Nisingekuja kwenu. Nisingekujua wewe wala wimbo wako, na ningekuwa nyumbani sasa hivi namgombeza kwa kuchelewa. Hicho ndicho ninachokitaka, bibi. Sikitaki wimbo. Nataka kumgombeza mtu."

Bi Zawena alimtazama muda mrefu kuliko maji yalivyoruhusu. Kisha alifunga kanga yake kiunoni, akatoka mbele, akafungua kinywa.

Ule wimbo wa Raya ulipanda juu ya upepo. Alilala mdomo wazi. Aliiacha tano. Na mtaa, ambao usingeinuka kwa kengele, wala kwa amri, wala kwa maji yenyewe yaliyokuwa yamekwisha fika kwenye miguu ya viti, uliinuka. Walisimama wote kama mtu mmoja. Wazee walibebwa migongoni, kwa kuwa hata mzee hakai mwombolezaji akipita. Wachanga walifungwa mgongoni. Mtaa wa pili ukasikia, ukainuka. Wa tatu ukainuka. Hakuna aliyeuliza ni nani. Walifuata, wakilia, wakikanyaga maji, mpaka njia ikaanza kupanda na miguu yao ikagusa udongo mkavu.

Langoni Ngwali alikuwa amesimama na ufunguo wake mkubwa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ndogo.

"Poleni sana. Cheti?"

"Hakuna muda wa cheti, kaka," alisema Batuli.

"Kifo hakina haraka, dada. Bila muhuri wa Bwana Mshamu—"

Na hapo Raya, aliyekuwa amevumilia kanga puani njia nzima, alipiga chafya.

Wimbo ulikatika. Kimya kikatoka mbele, kikashuka na msafara mpaka nyuma kabisa.

"Yuko hai!" alipiga kelele mwanamke mmoja, na hakuwa akishangilia. "Yule mtoto yuko hai!"

"Tumedanganywa!"

"Nimeacha wali jikoni kwa ajili ya chafya?"

"Bi Zawena, wewe! Na mvi zako hizo!"

Waligeuka kwa hasira, wakaanza kushuka. Wa nyuma, ambao sasa walikuwa wa mbele, walikwenda hatua kumi wakasimama. Waliokuwa nyuma yao wakawagonga mgongoni, nao wakasimama.

Chini, mji ulikuwa hauonekani vizuri. Viti vilikuwa vikielea. Vilikuwa vingi sana, vimejipanga kwa mkondo kama vilivyokuwa vimepangwa milangoni, vikipita juu ya mahali palipokuwa soko. Hema moja la Wizara lilijifungua lenyewe majini, likatuna kwa upepo, likaenda zake. Hapo njiani alikuwako Bwana Mshamu mwenyewe akija mbio, amelowa mpaka kifuani, muhuri ameuinua juu ya kichwa usiingie maji.

Kila mmoja alikuwa akitafuta kwa macho mlango wake, na kiti chake, na kuona mahali ambapo angekuwa amekaa.

Bi Zawena alimwendea bawabu.

"Ngwali. Wanao wawili nani aliwalia?"

Yule mtu aliinamisha kichwa. "Wewe, dada."

"Vizuri?"

"Mpaka leo nausikia."

"Ulinishukuru siku ile, nikaipokea shukrani. Leo nairudisha. Leo nataka lango." Aliweka kiganja juu ya lango. "Nimechoka kuwajua watu kwa namna walivyokuwa wakicheka."

Ngwali alitazama ufunguo. Alitazama kule ndani, upande wa kushoto, ambako kila mtu alijua kuna mawe mawili madogo yaliyofagiliwa kuliko mengine. Kisha akauingiza ufunguo, akausukuma ule mlango kwa bega.

Waliingia. Waliingia muda mrefu, maana mji una watu wengi kuliko mtu anavyodhani akiwaona wamekaa. Walipita kwa vidole vya miguu kati ya mawe, wakiomba radhi kila walipogusa moja, halafu kidogo kidogo wakaanza kukaa. Kinyozi akakaa. Karani akavua viatu. Bi Zawena alikuwa amekwisha fika kwenye mawe yake matatu, amekaa chini katikati yao, na midomo yake ikicheza. Alikuwa akiwaambia habari za nyumbani, na hakuna aliyepiga kengele.

Batuli alibaki langoni. Alitazama majina yote yale, mstari kwa mstari, na jina alilolitamani halikuwako huku wala kokote. Kwa mara ya kwanza hakutaka kuliandika mahali. Alitaka tu angekuwa amepita pale langoni pamoja na wengine, amelowa, akicheka kwa pua.

Ngwali alikuwa amefungua daftari lake kubwa juu ya goti. Alikuwa mtu wa kazi, na kila aliyepita lango lile lazima aandikwe. Alilamba ncha ya kalamu. Akasoma safu: jina la marehemu. Akasoma inayofuata: sababu. Akainua uso uliopotewa, akamtazama Batuli, kisha Bwana Mshamu aliyekuwa akikamua leso zake zote mbili, kisha watu wote wale waliojaa kilima kizima.

"Lazima niandike kitu," alisema. "Jamani, niandike nini?"

Watu wazima walitazamana. Hawakuwa na neno la jambo hilo. Raya alijifunua kanga, akateremka kutoka mikononi mwa mama yake, akamsogelea yule bawabu mpaka karibu na daftari, na kwa sauti kubwa, kama anayemsaidia mtu mzima kwa kitu rahisi, akasema:

"Andika kwamba hatujafa."